Akili Nyingi na Upweke: Msomi wa Hadithi Zetu Akitazamwa Kutoka Mpakani Busia

Utangulizi

Muhula uliopita, tulipokuwa tukimalizia riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi katika darasa la mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo halikuwamo katika muhtasari wa kozi. "Mwalimu, kwani vitabu vyetu vinatuambia kwamba mtu akisoma sana hawezi tena kuishi na watu?" Wenzake walicheka. Mimi nami nilicheka, nikamjibu kwamba Kazimoto ni mhusika tu, asimchukue kuwa kioo chake.

Baada ya kipindi alinifuata ofisini. Kwao ni kijiji kilicho karibu na Busia, upande wa Uganda, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Alinieleza kwamba kila anaporudi likizo, baba zake wadogo hukatiza mazungumzo anapokaribia. Vijana wa rika lake wanaoendesha boda boda humwita "profesa" na hawamkaribishi kukaa nao. Mkononi alikuwa na barua ya kuomba kuacha masomo. Nilimsihi angoje hadi mwisho wa muhula, naye akakubali, lakini niliona wazi kwamba jibu nililompa darasani halikuwa jibu. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Swali lenyewe ni la zamani na si letu peke yetu. Katika riwaya ya Daniel Keyes, Flowers for Algernon (1966), Charlie Gordon, mfanyakazi wa duka la mikate mwenye akili pungufu, anapasuliwa ubongo na kuwa na akili kuliko madaktari wake. Anapata vitabu na lugha nyingi, lakini anagundua kwamba wale aliowadhania rafiki walikuwa wakimcheka, na sasa wanamwogopa. Wasomaji wengi wa Marekani na Uingereza huifunga riwaya hiyo wakiwa na hakika kwamba akili na furaha havikai chungu kimoja. Je, fasihi yetu inasema hivyo hivyo? Nadhani inasema jambo lililo tofauti kidogo, na mtu aliyezaliwa mpakani anaweza kuliona kwa urahisi.

Maneno yenyewe

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Tuna akili, werevu, ujanja, maarifa, elimu, busara na hekima. Mtu anaweza kuwa na akili akakosa busara. Anaweza kuwa na elimu akakosa maarifa. Methali ya "Akili nyingi huondoa maarifa" isingekuwa na maana kama maneno hayo mawili yangekuwa sawa. Tunavyoifahamu, akili ni uwezo wa kichwa cha mtu mmoja, na maarifa ni kujua jinsi ya kufanya jambo likafanyika, na mara nyingi jambo hilo hufanyika pamoja na watu wengine. Methali haimkatazi mtu kuwa na akili. Inamwonya kwamba akiitegemea hiyo peke yake, atapoteza kitu kingine anachokihitaji.

Sungura kisimani

Katika ngano zinazosimuliwa pande zote mbili za mpaka, mwerevu ni sungura. Waganda humwita Wakayima, na Wajaluo humwita Apuoyo. Anamshinda fisi, anamshinda ndovu, anamshinda hata simba. Wengi wetu tunaikumbuka ngano ya kisima: wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, sungura anakataa kuchimba, kisha anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine na kunywa maji. Mwishowe anakamatwa na kobe, mnyama asiyesifiwa kwa wepisi wala kwa maneno.

Sungura ni mpweke, ukimchunguza. Hana mwenzi wa kudumu, na urafiki wake huishia katika hila. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kumlilia sungura, na sababu ni kwamba upweke wake umo ndani ya ngano tu. Nje ya ngano kuna nyanya, moto, na watoto wanaoitikia kwa pamoja. Akili ya sungura ni mali ya wasikilizaji wote, na usiku unaofuata anarudi akiwa mzima. Abunuwasi wa pwani, ambaye jina lake limetokana na mshairi Abu Nuwas wa Baghdad, naye ni hivyo hivyo. Hekaya zake zilisomwa na watoto wa shule wa Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni, na akili yake humwaibisha tajiri na mfalme mbele ya hadhara. Kicheko cha hadhara ndicho kinachomwokoa.

Karani wa forodha na wajumbe sita

Shaaban Robert (1909-1962) anapokuja na riwaya zake, mambo yanabadilika. Sisi watu wa mpakani tunapaswa kukumbuka kwamba mwandishi huyu alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Alijua maana ya kusimama mahali ambapo watu na mizigo huulizwa wanakotoka na wanakokwenda.

Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Anapojitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alivuka mpaka, akateseka, akajifunza mambo mema, akarudi nayo nyumbani. Kila mmoja alitupwa gerezani. Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Hakuna hata mmoja wao aliyepatwa na adhabu hiyo kwa kuondoka wala kwa kujifunza. Kilichowaponza ni kurudi. Kama ingekuwa forodha, tungesema kwamba mzigo wao ulikataliwa kwenye mlango wa kuingilia nchi yao wenyewe.

Tofauti kati ya Karama na wajumbe hao iko wapi? Haielekei kwamba alikuwa na akili kuwazidi. Karama alipata baraza, akasimulia siku baada ya siku, na watu wakaja kumsikiliza. Mwishowe anaachiwa huru, na wajumbe wanafunguliwa pamoja naye. Upweke wa mwerevu katika kitabu hiki unakwisha anapopata wasikilizaji, na furaha yake haiji peke yake: inakuja pamoja na uhuru wa wengine.

Katika Kufikirika, iliyochapwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, mwandishi anaongeza mzaha mchungu. Ili mtoto wa mfalme apone, yanatakiwa makafara ya watu wawili, mwerevu na mjinga. Mbele ya kisu wote wawili ni sawa. Nchi isiyotumia akili ya watu wake haimbagui mwerevu kwa kumpenda wala kwa kumchukia. Inamchinja tu pamoja na mjinga.

Mpaka na ngazi ya shule

Kabla ya kufika kwa Kazimoto, tupitie historia kidogo, kwa sababu msomi mpweke wa riwaya hakuanguka kutoka mbinguni.

Mwaka 1902 Waingereza waliikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ulisogea kutoka mbali huko mashariki hadi katikati ya mashamba ya Wasamia na Waiteso. Ndugu walilala wakiwa nchi moja, wakaamka wakiwa nchi mbili. Shule nazo zilikuja kwa njia mbili. Kijana hodari wa upande wa Kenya alitazamia kwenda Maseno, iliyoanzishwa 1906, au Alliance, iliyoanzishwa 1926. Mwenzake wa upande wa Tororo alitazamia kwenda Namilyango au Budo, katika nchi ya Buganda. Juu kabisa ya ngazi ilikuwa Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, na ambayo kwa miaka mingi ndiyo peke yake iliyotoa elimu ya juu kwa Waafrika wa nchi zetu.

Ngazi hiyo ilikuwa nyembamba sana juu. Kijiji kizima kingeweza kumpandisha mtoto mmoja, na mtoto huyo alisoma kwa Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni. Alipochaguliwa, wenzake thelathini waliachwa. Aliporudi, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye yale aliyoyasoma, na hakuwa na lugha ya kuyasemea. Upweke wake haukutokana na ubongo wake. Ulitengenezwa na idadi ya viti vya darasani.

Kiswahili kingeweza kusaidia, lakini kilinyimwa nafasi. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 kipewe hadhi katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, na baadhi ya wamisionari nao wakapinga. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikiondoa katika lugha za kufundishia shuleni, na mwaka huo huo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikahamia Makerere! Wataalamu wakakichunguza Kiswahili juu ya kilima, huku watoto wa Tororo wakikisikia kwa wafanyakazi wa reli, kwa askari na sokoni. Hapo akili na maarifa vilitengana waziwazi.

Kazimoto na wenzake

Sasa tunaweza kumwelewa Kazimoto. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuitoa Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini. Anafikiri sana, imani ya wazazi wake imemtoka na hajapata kitu cha kuiweka mahali pake. Anapenda, anachukia, anataka kulipiza kisasi, anaoa, na mwishowe anajiua. Jina la kitabu lenyewe ni kejeli: mtu mwenye kichwa kilichojaa vitabu anaitwa kichwamaji.

Wanafunzi wengi huandika katika mitihani kwamba elimu ndiyo iliyomuua Kazimoto. Mimi siafiki. Manase, mwenzake, amesoma pia na ana cheo, lakini hafikirii kama Kazimoto. Anatumia elimu yake kujinufaisha na kuwaumiza wengine, na ugonjwa wake unawafikia watu wasio na hatia. Kama elimu ingekuwa ndiyo kisu, ingewakata wote kwa namna moja. Tazameni badala yake namna riwaya inavyosimuliwa. Ni Kazimoto mwenyewe anayesimulia, kwa nafsi ya kwanza. Maneno yake mazito kabisa hayamfikii mama yake wala wanakijiji. Yanatufikia sisi wasomaji, ambao hatuwezi kumjibu. Karama alikuwa na baraza. Kazimoto ana msomaji tu, na msomaji amechelewa.

Vivyo hivyo katika Rosa Mistika (1971), ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Rosa ni msichana anayefanikiwa shuleni, lakini nyumbani ukali wa baba yake Zakaria umeziba mazungumzo yote. Shule inamfungulia dunia, na hakuna mtu mzima anayezungumza naye kuhusu dunia hiyo. Ocol, katika utenzi wa Okot p'Bitek uliotafsiriwa na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino (1975), ana tatizo lililogeuzwa. Yeye husema sana, lakini ameacha kusikiliza. Tunamjua kwa maneno ya mke wake, na mke wake anamwona kama mtu aliyepotea huku amekaa sebuleni.

Lazima pia tuseme kwamba kuna upweke ambao hauletwi na akili wala na lugha, bali na bunduki. Robert Serumaga aliandika Return to the Shadows (1969), riwaya ya msomi aitwaye Joe Musizi katika nchi iitwayo Adnagu, yaani Uganda iliyosomwa kinyumenyume. Miaka miwili baadaye Idi Amin alichukua serikali. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, walichukuliwa na hawakuonekana tena. Wasomi wengi walikimbilia Kenya, na Busia na Malaba zikawa njia yao. Serumaga mwenyewe alifariki Nairobi mwaka 1980. Ni utawala huo huo uliotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na matokeo yake tunayajua: watu wengi walikihusisha na askari wa vizuizini, wakakiogopa. Wazee wa kwetu waliojifanya wajinga katika miaka ile hawakuwa wajinga. Walikuwa na maarifa.

Upande wa furaha

Ili tusimwache mwanafunzi wangu gizani, tuwatazame wahusika wawili wa Ken Walibora, mwandishi wa magharibi mwa Kenya aliyefariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Katika Siku Njema (1996), Kongowea Mswahili, kijana hodari wa lugha, anabaki yatima wa mama huko Tanga, anavuka mpaka na kusafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. Ana akili, na akili hiyo inamfaulisha mitihani. Lakini furaha ya kitabu haiko katika matokeo ya mtihani. Iko katika kutambuliwa: kuna mtu anayemwambia kwamba wewe ni wetu.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Amani ananyang'anywa masomo ya chuo kikuu kwa kusingiziwa, na mswada wake unaibwa na Mwalimu Majisifu, ambaye anauchapisha kwa jina lake. Hapa Walibora anatupa jibu zuri kuliko wote. Mwenye akili ni Amani, anayefanya kazi ya kuchunga mifugo, na bado ana Imani wa kuzungumza naye. Mpweke ni Majisifu, aliyepata sifa za akili isiyokuwa yake na kuzama katika ulevi. Anayeibiwa akili ana watu, aliyeiiba hana.

Hitimisho

Kwa hiyo, je, akili nyingi huleta furaha au upweke? Hadithi zetu, tangu sungura hadi Amani, hazisemi kwamba akili ni laana. Wala hazisemi kwamba ni baraka. Zinauliza swali jingine: mwerevu anaporudi, nani anamsikiliza, na yeye anamsikiliza nani? Palipo na baraza pana Karama. Pasipo na baraza pana Kazimoto.

Busia yenyewe inatufundisha. Inaaminika kwamba neno "boda boda" lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliowabeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Ni neno la watu ambao wengi wao hawakumaliza shule, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima. Hiyo ni akili iliyopata wasikilizaji. Kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, nyaraka ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini foleni ilizungumza Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Maamuzi hayo yatakuwa na faida iwapo wanafunzi wetu wataweza kuyapeleka nyumbani yale wanayoyasoma.

Kwa sababu hiyo nilibadilisha zoezi la mwisho la kozi. Badala ya insha moja, kila mwanafunzi alitakiwa aisimulie riwaya mojawapo kwa watu wa kwao, kwa lugha ya kwao, kisha aandike kwa Kiswahili maswali waliyomuuliza. Yule mwanafunzi wangu alichagua Kusadikika. Alisimulia jioni, kwa Kisamia, habari za wajumbe sita. Ameandika kwamba mwanzoni baba zake wadogo walinyamaza kama kawaida. Kisha mmoja wao akauliza: "Hao wajumbe waliporudi, walianza kwa kusalimia watu, au walianza tu kusema mambo waliyoyaona?"

Nimefundisha Kusadikika kwa miaka mingi, na nilipokuwa Dar es Salaam nikisomea shahada ya uzamili niliichambua kwa nadharia zaidi ya moja. Swali hilo sijawahi kuliona katika uhakiki wowote niliousoma. Nilirudi kitabuni kulitafutia jibu, na bado ninalitafuta.

Barua ya kuacha masomo haijaletwa ofisini. Sitaki kudai kwamba zoezi moja limemaliza shida yake. Likizo ijayo huenda wakamwita profesa tena. Lakini naomba wahadhiri wenzangu walijaribu zoezi hili katika kozi zao, na wanafunzi wanaotoka Busia, Tororo, Malaba na kwingineko watuletee maswali ya wazee wao. Tutayachapisha katika toleo lijalo la jarida hili, pamoja na maoni ya wale wasiokubaliana na hoja zangu.